Mgongano wa Tamaduni Katika Hadithi za Kubuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hunifikia kutoka kwa watu wanaoandika riwaya, hadithi fupi na tamthilia ambamo watu wa asili mbili au tatu hukutana na kushindwa kuelewana. Majibu ni ya mwandishi mmoja mwenye upendeleo wake, na pale nisipopenda jambo nimesema wazi.

Mgongano wa tamaduni una tofauti gani na ugomvi wa kawaida?

Katika ugomvi wa kawaida, wawili wanagombea kitu kimoja na wote wanakijua. Ndugu wakigombea shamba la marehemu baba yao, kila mmoja anaelewa fika shamba ni nini, urithi ni nini na wizi ni nini. Mgongano wa tamaduni unagusa maana yenyewe. Mmoja anaamini ameuziwa ardhi. Mwenzake anaamini amemruhusu mgeni alime msimu mmoja. Wamepeana mikono, wameagana kwa tabasamu, na balaa limeshapandwa.

Kwa hiyo ninapotafuta kiini cha hadithi ya aina hii huwa natafuta adabu mbili zinazogongana. Pande zote zikiwa na heshima zao, na heshima ya huyu ikawa tusi kwa yule, hapo una hadithi. Upande mmoja ukiwa na heshima na mwingine hauna, unachoandika ni kisa cha majambazi.

Nianze na nini: ngoma, mavazi, miungu?

Anza na kitu kidogo ambacho mwenyeji hajawahi kukifikiria maishani mwake. Ngoma na mavazi huonekana kwa mbali, na mgeni huviendea akiwa amejiandaa kushangaa. Kinachomkwaza ni kile ambacho hakuna aliyeona haja ya kumweleza: nani huanza kusalimu, kimya kinamaanisha nini, mlango ukiwa wazi umeachiwa nani, zawadi hurudishwa lini.

Chukua hilo la zawadi. Mwaka 1925 Marcel Mauss, msomi wa Kifaransa, alichapisha insha yake maarufu kuhusu zawadi, akaonyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Wajibu unafanana, lakini muda wa kurudisha hutofautiana, na humo kwenye muda ndimo mwandishi anamopata riziki yake. Tazama onyesho hili langu, jirani akiwa amemletea Selua kikapu jana yake:

*Selua aliamka alfajiri, akakijaza kile kikapu hadi juu, akakipeleka kwa jirani kabla umande haujakauka. Alikwenda kwa madaha. Nani atasema mgeni wa bondeni hulala na deni? Mama wa nyumba akakitazama kikapu, kisha akamtazama yeye. "Umeshatuchoka?" akauliza. Selua hakulielewa swali, akacheka.*

Kwa Selua, kurudisha upesi ni uungwana. Kwa mwenyeji wake, deni dogo ndiyo kamba inayowafunga majirani, na kulilipa asubuhi yake ni kuikata. Hakuna aliyetukana wala kupandisha sauti, lakini kile kicheko kitasimuliwa kijijini kwa mwezi mzima. (Nilipoiandika mara ya kwanza nilimpa mama wa nyumba sentensi sita za ufafanuzi. Nilizifuta zote. Mtu aliyeumia hatoi mhadhara.)

Lazima pawe na vita?

Hapana. Vita humpunguzia mwandishi kazi, kwa sababu upanga ukishachomolewa kila mtu anauelewa. Kikapu kina kazi zaidi.

Nifanyeje upande mmoja usionekane washenzi?

Mpe kila mhusika sababu ambayo yeye mwenyewe angeitoa akiwa amekaa na watu wake, bila mgeni wa kumridhisha.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kisa ambacho hadi leo sijaona kinachokizidi. Mfalme Dario wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa kwenye baraza lake, akawauliza watataka kiasi gani cha fedha ili wale miili ya baba zao waliokufa. Wakasema hakuna kiasi kama hicho. Kisha akawaita Wakallatia, watu wa pande za India ambao kwao kumla mzazi aliyekufa ndiyo maziko, na Wagiriki wakiwa hapo hapo wanasikiliza kupitia mkalimani, akawauliza watataka kiasi gani ili wawachome baba zao moto. Wakapiga kelele, wakamsihi asitamke maneno ya kuchukiza namna hiyo.

Kinachonivutia ni kwamba Dario hakuomba maelezo ya desturi, alitaja bei. Na bei ikawafanya wote wawili watoe jibu lile lile. Ukiwa na msimulizi wa Kigiriki pekee, utapata kisa cha wala watu. Ukiwasikia wote, utapata watoto wanaowapenda baba zao.

Mfano wa pili hauna damu hata kidogo. Mwaka 1793 balozi wa Uingereza, George Macartney, alifika China kwa mfalme mkuu Qianlong, na mvutano mkubwa ukazuka juu ya magoti. Maofisa walitaka apige magoti mara tatu na kuinamisha kichwa hadi chini mara tisa. Yeye alikuwa tayari kupiga goti moja, kama afanyavyo mbele ya mfalme wake mwenyewe. Mwandishi mvivu ataandika kwamba mmoja wao alikuwa na kiburi. Mimi naona watu wenye adabu zao kamili: maofisa wanalinda mpangilio wa ulimwengu wanaoujua, na balozi analinda hadhi ya aliyemtuma. Laiti mmoja wao angekuwa mkorofi, lingetatuliwa mapema.

Jaribu zoezi hili. Chukua desturi ya upande unaoupenda, uieleze kwa macho ya upande wa pili kwa aya moja, bila kutia chumvi. Kama aya hiyo haichekeshi wala haitishi, bado unaiangalia desturi hiyo kwa macho ya nyumbani.

Naruhusiwa kuandika kuhusu watu ambao si wangu?

Ruhusa unayo. Mwaka 472 KK, miaka minane tu baada ya Wagiriki kuwashinda Waajemi baharini huko Salamis, Aeschylus, mtunzi wa tamthilia wa Athene, alipeleka jukwaani tamthilia ambayo yote inatokea Susa, kwenye jumba la kifalme la adui. Hakuna mhusika Mgiriki hata mmoja. Watazamaji walikaa wakisikiliza mama wa mfalme aliyewavamia akimlilia mwanawe, na mwandishi mwenyewe alikuwa amepigana na hao hao Waajemi. Hata hivyo Waajemi wake wana sauti ya Kiathene, na hilo ndilo jambo la pili: ruhusa haileti uwezo.

Kama watu unaowaandika wapo, wanaishi, na wameshaandikwa vibaya na wengi kabla yako, soma walichoandika wenyewe kabla ya kusoma walichoandikwa. Mimi nina kipimo kimoja kisicho cha kitaalamu. Nikishindwa kutaja mambo matatu wanayotaniana wenyewe kwa wenyewe, siingii vichwani mwao. Naandika kwa jicho la mgeni anayekosea, na makosa yake nayaacha yaonekane.

Watu wa lugha mbili tofauti wazungumze vipi kwenye ukurasa mmoja?

Swali hili lilinigharimu riwaya nzima. Katika rasimu niliyoitupa, watu wa mlimani walizungumza kama watoto: "Mimi kwenda. Wewe kuleta." Msomaji wangu wa kwanza aliniuliza jambo moja tu: wakiwa kwao, bila mgeni, wanazungumzaje? Sikuwa na jibu. Katika kurasa mia mbili sikuwahi kuwaacha peke yao hata dakika moja.

Kila mtu ni fasaha kwao. Kigugumizi mpe yule anayezungumza lugha ya ugenini katika onyesho hilo, na hakikisha mara moja moja anakuwa yule shujaa wako msomi. Onyesha tofauti kwa njia nyingine. Watu wa mlimani huenda hawaulizi swali moja kwa moja, hulizunguka. Watu wa bondeni huenda humalizia sentensi ya mwenzao kuonyesha kwamba wanasikiliza. Waweke wawili hao kwenye mazungumzo na mmoja atajiona anakatizwa kila anapofungua mdomo.

Kiswahili kimetupa zana ambazo hatuzitumii vya kutosha. Msimulizi akisema "vijitu vile vilikuja" mahali pa "watu wale walikuja", dharau yote imeshaingia kwenye ngeli na hahitaji kivumishi. Baadaye, msimulizi huyo huyo akianza kusema "watu wale" bila kujitangaza, msomaji makini atajua moyo umegeuka. Tena "yeye" yetu haitaji jinsia. Unaweza kumfanya mgeni amdhanie kiongozi wa wenyeji kuwa mwanamume kwa sura tatu nzima, na hujamdanganya mtu.

Usimsahau mkalimani. Mkataba wa Wuchale kati ya Ethiopia na Italia, wa mwaka 1889, ulikuwa na matoleo mawili. Ibara ya 17 kwa Kiamhari ilisema Menelik II, mfalme mkuu wa Ethiopia, *anaweza* kuitumia Italia katika mawasiliano na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano ilisema *analazimika*. Italia ikajitangaza mlinzi wa Ethiopia, Menelik akaukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 mambo yakaishia kwenye uwanja wa vita wa Adwa, Italia ikashindwa. Kitenzi kimoja. Mwandishi wa riwaya angeogopa kubuni jambo kama hilo, akihofia kuambiwa ni rahisi mno.

Nieleze desturi kiasi gani? Niweke faharasa ya maneno mwishoni?

Eleza pale ambapo mhusika mwenyewe angeeleza. Kwingineko, acha mgeni akosee na msomaji ajifunzie kwenye kosa hilo. Faharasa siipendi. Neno likitokea mara tatu na bado halieleweki, wa kulaumiwa ni sentensi zilizolibeba.

Linaloweza kukusaidia zaidi ni mpangilio. Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, *Things Fall Apart*, ambayo kila anayeandika mada hii hulinganishwa nayo apende asipende, ina sura 25, na zaidi ya nusu zimekwisha kabla wamisionari hawajafika kijijini Umuofia. Hadi wanapofika, wewe msomaji umeshakuwa mwenyeji. Unawaona wao ndio wa ajabu, na hakuna aliyekulazimisha.

Mhusika wa kati, aliyezijua tamaduni zote mbili, nimtumieje?

Kwa uangalifu, kwa sababu wengi humgeuza kuwa daraja: yupo ili wengine wapite juu yake, na hana shida zake mwenyewe.

Historia ina mfano ambao ningeutamani uwe wangu. Mwaka 1511 meli ya Kihispania ilizama katika Bahari ya Karibi, na manusura wakafika Yucatán, nchi ya Wamaya. Hernán Cortés, kamanda wa msafara wa Kihispania, alipofika pwani ile mwaka 1519, wawili kati yao walikuwa hai: Gerónimo de Aguilar na Gonzalo Guerrero. Bernal Díaz, askari wa Cortés aliyeandika kumbukumbu zake baadaye, anasema Aguilar alipojitokeza wenzake hawakumtambua. Waliuliza Mhispania yuko wapi, naye akiwa amesimama mbele yao. Alikuwa bado amehifadhi kitabu chake chakavu cha sala. Guerrero hakuja. Alikuwa na mke na watoto watatu, uso wake umechorwa chale na masikio yametobolewa, na alijua watakachomwambia akirudi na uso ule.

Watu wawili, meli moja, miaka minane ile ile. Mmoja alikuwa anangoja, mwenzake alikuwa anaishi. Kama ungekuwa unaandika riwaya hiyo, ningekushauri usiulize nani kati yao ni msaliti. Uliza kila mmoja anaota usiku kwa lugha gani.

Na Aguilar anakuonyesha jinsi maneno yanavyosafiri. Cortés alisema kwa Kihispania, Aguilar akageuza kwa Kimaya, na mwanamke kijana aliyeitwa Malintzin akageuza kutoka Kimaya kwenda Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Baadaye Malintzin alijifunza Kihispania, na Aguilar akawa hahitajiki tena. Hapo kwenye kutohitajika ningetua kwa sura nzima.

Mgeni hubadilika kwa hatua gani?

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika makala yenye kutajwa sana, iliyochapishwa mwaka 1960, akizigawa hatua: fungate, kisha kuvunjika moyo na kuchukia kila kitu, kisha ahueni, kisha kuzoea. Zitumie kama ramani ya kuanzia tu. Ukizifuata moja baada ya nyingine hadithi itanuka maabara.

Kilicho kitamu kwa mwandishi ni dalili alizozitaja: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji ya kunywa, hofu ya kupunjwa au kuibiwa, kukaa na wageni wenzako na kulalamika. Hizo unaweza kuzipiga picha. Usiandike "alijisikia mpweke". Mwonyeshe akinawa mikono mara ya nne kabla ya saa sita mchana.

Na kumbuka hatua ambayo orodha haina, ya kurudi nyumbani na kukuta kwenu ndiko kugeni.

Naandika watu wa kubuni kabisa, labda wa sayari nyingine. Niwatungie desturi vipi?

Usianze na desturi. Anza na mahali na taabu yake, kisha adabu itajileta. Tuseme watu wanaishi mapangoni, gizani. Anayekaribia bila sauti ni mvamizi, kwa hiyo mtu mwema hupiga mluzi au hugonga ukuta akitembea. Sasa walete wawindaji wa msituni, ambao kwao kelele hufukuza mawindo na mtu mwenye kelele ni mpumbavu asiyejali njaa ya wenzake. Wawindaji wakija kwa heshima zao zote, yaani kimya kabisa, wenye pango watachukua mawe.

Mambo ya mwili ni mgodi ambao haujachimbwa. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alipima umbali ambao Wamarekani aliowachunguza huuweka kati yao: hadi kama sentimita 45 kwa walio karibu sana, hadi mita 1.2 kwa marafiki, hadi mita 3.6 kwa shughuli rasmi. Alisisitiza kwamba vipimo hivyo si vya watu wote. Weka wahusika wawili wenye vipimo tofauti katika chumba kimoja, mmoja asogee kwa upendo na mwenzake arudi nyuma kwa adabu, hadi mgongo ugonge ukuta. Hujaandika hata neno la mazungumzo, na tayari mmoja ameshaitwa baridi na mwingine king'ang'anizi.

Vipi kuhusu mapenzi kati ya wawili wa pande hizo?

Yameandikwa mno, na mara nyingi huwa njia ya mkato: wakipendana, tuamini kila kitu kimetatuliwa. Kama huwezi kujizuia, ruka uchumba. Waanze wakiwa na ndoa ya miaka kumi na mtoto anayetakiwa kupewa jina.

Watu wa upande mmoja wafikiri sawa?

Kamwe. Kijiji kizima kikikasirishwa kwa kiasi kile kile na jambo lile lile, umeandika wahusika bapa. Katika onyesho la kikapu, mume wa mama yule anaona mkewe amezidisha. Binti yao anamwonea Selua wivu: kumbe mtu anaweza kumaliza deni asubuhi na akalala huru. Kikapu kimoja kimeshakuwa na ugomvi wa watu wanne.

Ninaweza kuchekesha?

Chekesha sana, mradi kila upande upate zamu ya kucheka. Ukimaliza rasimu hesabu: nani amechekwa mara ngapi, na nani hajawahi kucheka hata mara moja. Hesabu hiyo imewahi kuniaibisha.

Hadithi iishe kwa wao kuelewana?

Sina kanuni. Katika rasimu niliyonayo mezani sasa, Selua anahama baada ya miaka sita. Usiku wa mwisho anajaribu kukijaza kikapu cha jirani na hapati cha kutosha, kinaishia nusu. Anakiacha mlangoni gizani na kuondoka bila kuaga, kwa aibu. Asubuhi mama wa nyumba anakiinua, anakipima mkononi, anaona hakijajaa. Anaingia nacho ndani akiimba, anamwambia mumewe yule mgeni atarudi.

Selua hatarudi. Nimejaribu mara mbili kuandika barua ya kumweleza mama yule, na mara zote mbili nimeitoa.